Ukuta wa Mama Mkwe

Baba yangu hakuwahi kumwingiza mtu katika kitabu chake kabla mtu huyo hajacheka. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kazi, na aliishika kama wengine wanavyoshika Kwaresima. Akiandika sura kuhusu fundi baiskeli, aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akamfuata fundi huko huko kwenye spoku zake na kumsomea. Fundi akicheka, sura inabaki. Fundi akikunja uso, baba anaomba radhi, anarudi nyumbani, na karatasi ile inakwenda kuwashia moto wa uji. Majina aliyabadilisha, lakini alikuwa akisema kumbadilisha mtu jina ni kama kumvalisha ng'ombe kofia. Jirani bado atajua ni ng'ombe wa nani.

Mimi sikuiamini sheria hiyo. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini, nikaenda chuo kikuu, nikarudi nikiwa mtu mzima wa kuuliza kwa nini, tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na tanbihi. Nilimwuliza baba kama kicheko ni ridhaa. Mtu akicheka mbele yako, si huenda anaogopa, au anaona haya, au anataka uondoke arudi kwenye shughuli zake? Mfano nilikuwa nao. Tulipokuwa tunakaa Kabasa, mjini Bunda, baba akiwa karani wa chama cha ushirika, alimsomea mpima pamba mmoja sura iliyosema kwamba katika gulio zima hakuna kitu kizito kama kidole gumba cha mpima. Yule bwana alicheka mpaka akashikilia mzani asianguke. Wiki iliyofuata akaanza kuzunguka na njia ya kanisani akienda kazini, ili asipite mbele ya nyumba yetu. Nilipomkumbusha baba, alijibu kwamba alicheka. Nikasema alicheka lakini aliumia.

"Basi alicheka akiwa ameumia," akasema. "Mimi nilikuwa naombaga kicheko tu. Sikuwaga daktari."

Kwa mtu kama mimi hilo halikuwa jibu. Lakini nilipoanza kuandika vitabu vya kuchekesha na mimi, nilijikuta kila sura ninayomaliza naisikia ikidaiwa kicheko cha mtu fulani, na nikaona jinsi ilivyo vigumu kuitoka sheria ambayo umekulia ndani yake hata kama huiamini.

Kuanza kwenyewe kulikuwa bahati mbaya. Chuoni niliamua nitaandika riwaya nzito juu ya hali ya nchi. Ilikuwa miaka ile wanafunzi wameanza kuambiwa wachangie gharama, viwanda vinauzwa, vyama vya ushirika vinakufa kimoja kimoja, na mitumba imejaa mpaka kwenye ngazi za maktaba. Niliona mambo haya yanahitaji kitabu cha huzuni. Nikaandika sura tatu, nikawasomea wenzangu wawili wa chumbani. Walicheka toka mwanzo hadi mwisho. Hata pale mzee anapofukuzwa kazi, mmoja ilimbidi atoke nje apumue. Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma upya peke yangu, nikacheka na mimi, nikajua damu imenishinda.

Mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, mchapishaji wa Dar es Salaam alikubali riwaya yangu ya kwanza. Alitaka nimpelekee mswada wa mwisho kabla ya mwezi kwisha. Karibu kila kitu ndani yake nilikuwa nimekitunga, isipokuwa sura ya saba. Sura ya saba ilikuwa baba. Nilikuwa nimemvalisha kofia, lakini ng'ombe alijulikana. Nayo ndiyo iliyokuwa nguzo ya kati ya kitabu. Sura sita zilikuwa zinapanda kuifikia na sita zilikuwa zinashuka kutoka kwake. Ikitoka hiyo, hakuna kitabu.

Ningeweza kuipeleka bila kumwambia. Rafiki yangu mmoja alinishauri hivyo, akisema mwandishi hamwombi mtu ruhusa. Chuoni tulifundishwa vilevile. Lakini sheria ilikuwa ya baba, na safari hii anayechekwa alikuwa yeye mwenyewe. Nikipeleka kitabu bila kicheko chake, ningekuwa nimemfanyia jambo ambalo yeye hakumfanyia hata mpima pamba. Nikapanda basi la Musoma nikiwa na mswada kwenye begi, chini ya shati, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Kabla sijafika, nieleze kisa chenyewe, maana ndicho kilichokuwa kwenye begi. Nilikisikia kwa bibi mzaa mama, Butiama, si mara moja. Mama alikuwa akikisikia anatabasamu na kuondoka. Baba hakuwahi kukisimulia kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu baba alikuwa anasimulia hata ndoto zake.

Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni haikuwepo, chumvi ilikuwa ya kuuliziwa, tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mpaka tukauota. Karatasi nayo ilipotea. Baba alikuwa amechapisha kitabu kimoja kabla ya hapo, kidogo, na alikuwa na cha pili kichwani, lakini hakuwa na pa kukiandikia. Utepe wa taipureta ulikuwa umekauka, kaboni haikupatikana hata kwa kuapa. Mwishowe mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akivuka mpaka akamletea rimu tatu kutoka Kenya, zimefichwa katikati ya ngozi. Baba akaandika kitabu kizima kwa mkono, nakala moja, pande zote mbili za karatasi ili asipoteze nafasi. Alitumia nusu rimu. Mbili na nusu zikabaki nyeupe.

Ndipo msako wa walanguzi ukaanza. Watu wakatupa mali usiku na mchana. Kwao baba, Kibara, walimwaga magunia ya sukari ziwani, na wazee wakawa wanasema sato wa mwaka ule alihitaji majani tu awe chai. Baba akaangalia rimu zake za kutoka nje, akaona jela. Mswada nao ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ile ile. Atakayeuona atauliza karatasi imetoka wapi. Akazitia zote kwenye gunia la pamba, mama akalibeba hadi Butiama kwa mama yake, lihifadhiwe chumbani kwa bibi.

Baba alijivunia sana akili hiyo. Hakuna mgambo angethubutu kupekua chumba cha kulala cha mjane mzee. Alichosahau ni kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye hakuruhusiwa kukitia mguu chumba hicho hata kama nyumba inaungua, naye ni yeye. Mkwe wa kiume haingii anapolala mama mkwe wake. Hamwangalii usoni, hali naye, hasemi naye moja kwa moja. Nikiwa mdogo nilimwuliza bibi sababu. Akaniambia kwamba ukishamwona mtu anavyolala huwezi tena kumheshimu, na kwamba yeye alitaka kumheshimu baba yangu. Niliona jibu hilo lina kasoro nyingi, lakini sijapata bora zaidi.

Msimu mmoja ukapita na nusu ya mwingine. Mambo yalipotulia, baba na mama wakapanda lori la pamba wakaenda kuchukua gunia. Baba akakaa kwenye kigoda kando ya zizi, ameupa mgongo mlango wa mama mkwe, kama inavyopasa. Mama akaingia ndani. Akakaa sana. Alipotoka alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na alipoulizwa kuna nini alitikisa kichwa tu akarudi ndani. Baba akaona hawezi kuvumilia. Pale zizini palikuwa na ndama. Watu wa ukwe wakitaka kusemezana hutafuta kitu cha katikati, na baba akamtumia huyo.

"Ndama," akasema, "kuna karatasi zilikuja hapa kwenye gunia. Zimeshindaje?"

Bibi akajibu kutoka ndani. "Ndama, mwambie mgeni karatasi zake nyeupe hazina hata alama. Nimezitia kwenye sanduku langu, vitenge nikavitoa nje."

"Ndama, mshukuru sana mwenye nyumba. Na zile zilizoandikwa?"

"Hizo zilizokwisha kutumika nilibandika ukutani, baridi ilikuwa inaingia. Ndama, muulize, alikuwa anazitaka tena?"

Ndivyo ilivyokuwa. Bibi hakusoma shule. Kwake karatasi iliyoandikwa ilikuwa imemaliza kazi, kama gunzi, na karatasi nyeupe ilikuwa bado ina maisha. Alichemsha uji mzito wa muhogo, akabandika riwaya nzima ya baba kwenye kuta nne za chumba chake, vizuri, bila kuacha nafasi, nyingine miguu juu. Nusu ya kitabu ilikuwa inatazama kitanda. Nusu nyingine, ule upande wa nyuma, ilikuwa inatazama udongo. Na mtu pekee ambaye mila ilimkataza kuingia kusoma alikuwa mwandishi.

Kwa masimulizi ya bibi, baba alibaki kwenye kigoda mpaka jua likazama, akalia. Kesho yake asubuhi mama akamwambia asivunjike moyo, baadhi ya karatasi zinabanduka kwa maji ya moto, upande wa nyuma unasomeka. Basi kwa siku kumi na nne mama alikaa ndani akisoma ukuta kwa sauti, mbele na nyuma, na baba akakaa nje chini ya kidirisha akiandika upya kwenye zile karatasi nyeupe zilizotunzwa sandukuni. Bibi alikaa kitandani akisikiliza, na hapo ndipo alipojua ni nini alichokuwa akilala nacho. Alicheka. Baba alikuwa mkwe wake kwa miaka tisa na hakuwa amewahi kukisikia kicheko chake.

Kitabu kilikuja kuchapishwa soko lilipofunguliwa na karatasi zikarudi. Ndicho kilichomfanya baba ajulikane. Kiliuzwa mpaka chini kwenye maturubai, katikati ya suruali za mitumba.

Hicho ndicho kisa nilichokuwa nimekiandika, nikakiongezea chumvi kiasi, na hicho ndicho nilichokuwa nakwenda kumsomea.

Wazazi wangu walikuwa wamehamia Bweri, pale Musoma. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, chama cha baba kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Alichukua jambo hilo vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema alikuwa karani kwa miaka ishirini ili apate karatasi, na sasa karatasi ziko dukani. Walijenga nyumba ya vyumba vitatu, mama akalima viazi na mchicha, na baba akaandika asubuhi na kuzurura mchana akitafuta watu wa kuwasomea.

Nilifika siku ya Alhamisi, karibu saa nane. Mama alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, baba yuko kwenye kiti cha kamba pembeni yake. Walinipokea kama kawaida. Mama akasema nimekonda, baba akasema ni kwa sababu ya kufikiri. Baada ya chakula nikamwambia baba nina sura ya kumsomea. Akaelewa mara moja. Akajiweka sawa kwenye kiti na kufunga macho. Ndivyo alivyokuwa anasikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Nilianza na sato na sukari. Kimya. Nikafika kwenye gunia. Kimya. Mama alitabasamu huku anatupa vichwa vya dagaa kwa kuku. Nikafika kwa ndama, mahali ambapo wenzangu wote waliwahi kujishika mbavu, na nikapunguza mwendo ili kila neno lipate haki yake. Mama akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayekumbuka. Baba hata kope haikutikisika. Nikasoma alivyolia. Nikasoma maji ya moto na zile siku kumi na nne. Niligundua mama ameacha kucheka na mikono yake imesimama juu ya ungo. Nikamaliza.

Jogoo wa jirani alipita uani, akaangalia dagaa, akaendelea na safari yake.

Nikasema basi, nitaiondoa. Nilijaribu kulisema jambo hilo kama mtu mzima, lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyenyimwa ugali. Baba akafungua macho, akaniambia sijaulizwa kuondoa. Nikamwuliza kama ameumia. Akasema hapana.

"Basi mbona hukucheka, baba?"

"Kuna mahali si kweli."

"Hukulia?"

"Alilia," mama akadakia. "Alilia mpaka ndama akamramba shingo."

"Nililia," baba akakubali. "Siyo hapo."

Nikamwambia anionyeshe basi ni wapi, nitasahihisha. Nikatoa na kalamu. Lakini baba akaanza kuangalia paa la jirani kana kwamba ndiyo kwanza analiona, na nikatambua kwamba hataki kusema. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini hakuwahi kukisimulia kisa hiki. Nilidhani alikuwa anaona aibu kwa machozi, au kwa kuongea na ndama. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na kitu ndani ya kisa ambacho alikuwa anakilinda, na mimi nilikuwa nimekibeba hadi uani na kukisoma kwa sauti bila kukiona.

Mama akaweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Wewe si ulikuwa unalalaga kwa bibi kila likizo," akaniambia.

Nikakubali. Nilijifunza kusoma kwenye ukuta ule. Kwa sababu ya zile kurasa zilizobandikwa miguu juu, naweza mpaka leo kusoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu.

"Uliwahi kuona pengo?"

"Pengo gani?"

"Mahali karatasi imebanduliwa. Kipande cha udongo mtupu. Uliwahi kukiona hata kimoja?"

Nilifumba macho nikazizunguka zile kuta nne, nikianzia mlangoni. Nilikuwa nazijua kama mtu anavyojua meno yake. Juu ya kitanda, pembeni ya sanduku, nyuma ya mtungi. Hakukuwa na pengo. Karatasi zote zilikuwepo, zimeshikana na udongo kama ngozi na nyama. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, niliyemtaka padri anieleze Nuhu alipata wapi majani ya twiga, nililala miaka yote hiyo mbele ya ushahidi nikauota tu.

"Hazikubanduka," mama akasema. Sasa hakuwa anasema na mimi. "Nilijaribu moja asubuhi ile, ikatoka vipande kama ubuyu. Nikairudisha kwa mate. Wewe ulikuwa nje umekaa kama mtu aliyefiwa. Nikasema nitamsomea upande wa mbele, na wa nyuma nitasema chochote, angalau aandike, akiandika atapona. Nilijua ukifika nyumbani utayafuta niliyotunga."

Alikuwa amekaa na neno hilo karibu miaka kumi na mitano. Nilimwangalia baba, nikiogopa. Kitabu kilichompa jina, kitabu ambacho watu walikuwa wanamsimamisha njiani kwa ajili yake, nusu yake ilikuwa imetungwa chumbani na mwanamke anayetazama udongo mkavu. Nilifikiri kama kuna siku baba ataacha kuwa mcheshi, ndiyo hii.

"Ninajua," baba akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua siku ile ile, kabla ya saa nne. Mama watoto, mimi si ndiye niliyeandika? Mke wa yule bwana kwenye kitabu changu alikuwa na sentensi mbili. 'Karibu' na 'Chakula tayari.' Nafika ukurasa wa nyuma nasikia ana maoni juu ya ushirika."

Mama akamtazama. "Na hukusema."

"Ningesema, ungenyamaza."

Hapo ndipo mama alipocheka. Sikuwahi kumwona mama akicheka vile kabla ya siku ile. Alianza taratibu, akaziba mdomo kwa kanga kama bila shaka alivyoziba siku ile mlangoni kwa bibi, kisha akashindwa, akaegemea ukuta, ungo ukapigwa teke na dagaa wakamwagika wote. Kuku wakaja mbio kutoka nyumba tatu. Hakuna aliyewafukuza.

Mimi sikucheka mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo. Mwaka wa pili chuoni niliandika insha ndefu juu ya kitabu kile cha baba. Nilidai, kwa tanbihi ishirini na mbili, kwamba yule mke mwenye ulimi mkali ni mwanamke wa kufikirika, sauti ya mwanamume aliyejivika kanga, na kwamba hakuna mwanamke halisi wa mkoa wetu wa Mara anayesema hivyo. Nilipata alama nzuri. Nikampelekea baba nakala, kwa fahari. Aliisoma yote, akaniambia, "Inawezekana," akaiweka kabatini. Sasa nikawaambia wote wawili. Mama akaomba aelezwe insha ni nini, akaelezwa, akacheka upya. Alitaka kujua kama mwalimu aliyenipa alama nzuri bado yuko kazini.

Ulipopatikana utulivu kidogo, nikarudi kwenye lililonileta. Nikamwuliza baba, basi sura inabaki au inatoka.

"Inabaki. Mwenyewe amecheka."

Nikapinga. Sheria inasema acheke yule anayechekwa, na hapo anayechekwa ni wewe, uliyekaa kwenye kigoda ukazungumza na ndama. Baba akatikisa kichwa kwa subira ya mtu aliyekuwa anangojea pingamizi.

"Mimi hapo nilifanya nini? Nilikaa. Nililia. Hata ndama alifanya zaidi. Aliyefanya kazi alikuwa ndani. Sura ni yake tangu mwanzo, wewe ulikuwa umeiandika ukiwa umekaa upande wangu wa ukuta."

Nikaichukua kalamu. Mimi ni mtu wa kupinga, lakini safari hii nilianza kutafuta ukurasa wa kusahihisha.

Mama alikuwa na sharti. Hakutaka maji ya moto yabaki kwenye kitabu, kwa kuwa yalikuwa uongo wake yeye na sasa ameuchoka. Nikakaa pale pale uani, karatasi kwenye goti, nikaandika upya kurasa nne za mwisho wa sura, huku mama ananieleza jinsi alivyokuwa akifanya: alikuwa anasoma mbele, anafika mwisho wa ukurasa, anamwaga maji kwenye bakuli ili baba asikie sauti ya kubandua, anahesabu moyoni mpaka kumi, halafu anaanza kutunga. Bibi alikuwa anamwona. Bibi hakusema kitu, ila siku ya pili alianza kumnong'oneza majibu. Hilo mama alilitoa mwisho, kama anayetoa mfupa kwenye samaki, na baba ambaye alidhani anajua yote alikaa wima kwenye kiti chake.

"Yapi ya mama?" akauliza. Hakusema "mama mkwe". Alisema mama.

Mama akasema hakumbuki. Nadhani alikumbuka.

Ilipofika saa kumi na moja sura ilikuwa tayari, na nilikuwa nimeamua kuondoka na basi la Jumamosi. Lakini wao hawakuwa wamemaliza. Baba alikwenda ndani akatoka na kitabu chake, nakala ya zamani isiyo na jalada, na wakaanza kukipitia ukurasa kwa ukurasa, wakigawana. Huu wa kwako, huu wangu. Walikwenda haraka na bila ugomvi mpaka walipofika pale yule bwana anaporudi nyumbani kutoka foleni ya siku nzima mikono mitupu, na mkewe anamwambia, "Kesho tafuta foleni ya waliochoka na foleni, ujitahidi uwe wa kwanza." Mstari huo Bunda nzima waliujua. Watu waliokuwa hawajawahi kushika kitabu waliusema.

Baba akasema huo ni wa mama. Mama akasema hapana, ulikuwa upande wa mbele, aliusoma kwa macho yake, ni wa baba. Baba akasema asingeweza kuandika kitu kama hicho, angekikumbuka. Mama akasema na yeye vilevile. Wakanigeukia mimi niliyejifunza kusoma kwenye ukuta ule, niwaambie kama nilikuwa nimeuona.

Nilifikiri sana. Nikawaambia kwamba upande wa juu ya sanduku sikuwahi kuufikia.

"Basi ni wako," baba akamwambia mama.

"Nimekataa," mama akasema, akainama kuokota dagaa waliobaki.